UZI: Nani Anamaliza Miti? Historia ya Kuni na Makaa, Kuanzia Isiolo

1/ Kila ukame ukiingia, na kila kampeni zikianza kunukia, hoja hii hurudi. Huyu anasema: pigeni makaa marufuku, watu wa kaskazini wanamaliza miti. Yule anajibu: nipeni kura, nitaleta gesi na kuni zitabaki hadithi. Kama kawaida ya ukurasa huu, sitaji mtu wala chama. Ninachotaka ni tuangalie historia: nani alichoma kuni, wapi, miaka gani, na walioacha waliachaje. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, mzaliwa wa Isiolo, kwa hivyo mifano mingi itatoka nyumbani. Uzi ni mrefu, tafuta chai.

2/ Tuanze na sensa, maana hapo ndipo wengi hupotezwa. Mwaka 2009, karibu asilimia 65 ya kaya za Kenya zilipika kwa kuni. Mwaka 2019 ikawa asilimia 55.1. Makaa yalishuka kutoka kama asilimia 17 hadi 11.6. Gesi ikapanda kutoka kama asilimia 5 hadi 23.9. Ukisoma hivyo tu utasema mambo yako sawa, tunasonga. Na ndivyo hotuba nyingi huzisoma hizo nambari.

3/ Sasa fanya hesabu kidogo. Mwaka 2009 kulikuwa na kaya kama milioni 8.8. Mwaka 2019 zilikuwa zaidi ya milioni 12. Asilimia 65 ya milioni 8.8 ni kama milioni 5.7. Asilimia 55 ya milioni 12 ni kama milioni 6.6. Yaani asilimia imeshuka, lakini nyumba zinazowasha kuni zimeongezeka kwa karibu milioni moja. Mtu akikwambia kuni zinaisha Kenya, muulize kama anahesabu asilimia ama anahesabu sufuria.

4/ Halafu hiyo 55 ni wastani wa nchi nzima. Mashambani, zaidi ya kaya 8 kwa kila 10 zilikuwa kwa kuni. Nairobi, karibu theluthi mbili walikuwa kwa gesi. Na sensa huuliza tu unatumia nini zaidi. Kwetu Bulla Pesa kuna mtungi wa kilo 6 wa chai ya asubuhi, jiko la makaa la chapati, na mafiga nje ya maharagwe na githeri. Mtungi ukiisha tarehe 20, makaa ndiyo hutuvusha hadi mwisho wa mwezi. Karani wa sensa angetuandika "gesi" ama "makaa" kulingana na siku aliyobisha hodi.

5/ Hizo tofauti zilitoka wapi? Zamani kila mtu alikuwa wa kuni. Buhaya, kando ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania, watu waliyeyusha chuma kwa makaa ya miti miaka kama 2,000 iliyopita, na wanaakiolojia wanaona dalili kwamba misitu ya huko ilipungua. Pwani, nyumba za mawe za Lamu na Mombasa zilijengwa kwa chokaa, na chokaa ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya rundo la magogo. Ule ukuta mweupe unaopigia picha ulikula miti mingi kabla haujasimama.

6/ Ulaya hali ilikuwa ile ile. London ilikuwa mji wa kuni. Karne ya 16 watu wakaongezeka, kuni zikapanda bei, wakaanza kuhamia makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli kutoka Newcastle. Moshi wake ulikuwa mbaya na wenye nacho waliudharau. Lakini kufikia 1700, makaa ya mawe yalikuwa yanatoa karibu nusu ya nishati ya Uingereza. Watu walihama kwa sababu kulikuwa na kitu cha bei nafuu, na kilikuwa na njia ya kufika mlangoni. Shika hayo mambo mawili, bei na njia. Yatarudi.

7/ Marekani ilikuwa na misitu tele, kwa hivyo ilichelewa. Mpaka miaka ya 1880, kuni ndizo zilikuwa chanzo kikubwa cha nishati cha nchi hiyo. Hapo tayari walikuwa na treni, viwanda na bunge la miaka mia. Kwa hivyo mtu akisema kuni ni alama ya watu waliolala, mwambie Wamarekani walijenga reli ya kuvuka bara lao wakiwa bado wanategemea kuni.

8/ Sasa tuje kwetu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Injini zake zilikula kuni, tena si kidogo. Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 kwa sababu hiyo hasa: reli ilihitaji mti unaokua haraka. Mwaka huo huo idara ya misitu ikaanzishwa. Tukumbuke hilo tunapojadili mikaratusi inayokunywa maji ya mito. Serikali iliileta kwa sababu ya kuni, wakati mlaji mkubwa wa kuni alikuwa serikali yenyewe.

9/ Baada ya mikaratusi ukaja mwatili, ule mti ambao gome lake hutumika kulainisha ngozi. Wakulima wa Kiambu na Murang'a waliupanda kwa wingi miaka ya 1920 na 1930. Gome liliuzwa kiwandani, gogo likawa kuni na makaa ya Nairobi. Kwa hivyo nyanda za juu zilipata miti ya kupandwa, barabara, soko na hatimiliki ya shamba. Mwenye shamba akikata mti, anajua ni wake na anajua faida ya kupanda mwingine.

10/ Kaskazini ilikuwa habari nyingine. Tulikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na Isiolo ndiyo ilikuwa lango lake. Kuingia ama kutoka ulihitaji ruhusa. Mifugo ilizuiliwa kwa karantini. Reli haikufika, mashamba ya miti ya serikali hayakufika. Baada ya uhuru, Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ukaweka msimamo kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza kule kwenye ardhi nzuri, mvua na miundombinu, faida ikipatikana isambae kwingine. Wengi mmesoma habari yake. Mkiwa mnaitaja kwenye mijadala ya barabara na shule, itajeni pia kwenye mjadala wa jikoni.

11/ Wakati huo huo kulikuwa na vita vya shifta, 1963 hadi 1967. Mwaka 1966 serikali ilikusanya wafugaji kwenye vijiji vyenye ulinzi, Garba Tulla na Merti vikiwemo. Ng'ombe na ngamia wakafa, wakapigwa risasi ama wakachukuliwa. Wazee wa Waso Borana wana jina la kipindi hicho, Daba, wakati ambao wakati wenyewe ulisimama. Wengi walioingia wakiwa matajiri wa ngamia walitoka mikono mitupu.

12/ Mtaniuliza hiyo inahusianaje na makaa. Inahusiana moja kwa moja. Mfugaji mwenye mifugo hatumii kuni nyingi. Anaokota matawi makavu, anachemsha chai, anakunywa maziwa. Na hana sababu ya kukata mgunga, kwa maana maganda ya mgunga ndiyo chakula cha mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Biashara ya makaa huanza mifugo ikienda. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika kaunti kame za Kenya. Pita barabara ya Ngare Mara ama Burat uone nani anakaa kando ya yale magunia. Mara nyingi ni mama aliyekuwa na mbuzi.

13/ Kwa hivyo gunia la makaa kwetu ni kama akaunti ya dharura ya mtu asiye na akaunti. Mti unageuzwa pesa kwa siku chache, bila mtaji zaidi ya panga na jembe. Mnunuzi hayuko kijijini. Yuko mjini, na mji ukiwa mkubwa lori linakuja kutoka mbali zaidi. Barabara ya lami ya Isiolo hadi Moyale ilikamilika miaka ya 2010. Ilituletea mambo mazuri mengi, na ng'ombe sasa anafika sokoni haraka. Gunia pia linafika haraka.

14/ Hapa wengi huchanganya kuni na makaa kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa kilo 1 hadi 2 za makaa kwa kila kilo 10 za mti. Makaa makavu yana joto karibu mara mbili ya kuni kwa kilo, lakini nishati nyingi ya mti imeshapotea porini kama moshi. Kwa hivyo nyumba moja ya mjini inayopika kwa makaa inaweza kumaliza miti mingi kuliko nyumba ya kijijini inayookota kuni. Mwenye mafiga huonekana ndiye mharibifu kwa sababu moshi wake unaonekana. Moshi wa jiko la mjini ulibaki Burat.

15/ Turudi nyuma kidogo, miaka ya 1970. Mafuta yalipanda bei duniani 1973. Mwaka 1975 mtafiti wa Marekani, Erik Eckholm, akaandika kwamba kuna shida nyingine ya nishati, ya kuni. Mashirika yakaanza kupiga hesabu: watu wanaongezeka hivi, miti inakua hivi, kwa hivyo kufikia mwaka 2000 kutakuwa na pengo kubwa. Kenya ilifanyiwa hesabu hizo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zilitisha, na zikazaa miradi mingi. Mwaka 2000 ukafika na ukapita. Kuni zilikuwa adimu sehemu fulani, lakini ile nchi iliyotabiriwa, ya kulala bila kupika, hatukuiona.

16/ Kwa nini? Kwa sababu hesabu zilisahau kwamba watu hupanda. Machakos ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Wakoloni miaka ya 1930 waliiona ni ardhi iliyokufa. Kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka karibu mara tano, na miti mashambani ilikuwa mingi kuliko mwanzo. Meru, saa moja tu kutoka Isiolo, milima imejaa mikabakaba kwenye mipaka ya mashamba. Mti ukiwa na mwenyewe na ukiwa na soko, watu huutunza.

17/ Lakini Kakamega inatuonyesha kitu kingine. Miaka ya 1980 mradi wa kuni ulienda huko ukidhani shida ni uhaba wa miti. Wakakuta mashamba yamejaa miti, na akina mama bado wanahangaika kutafuta kuni. Miti ilikuwa ya wanaume, ya kuuza mbao na nguzo. Mila ilisema mwanamke akipanda mti atakuwa tasa ama mume atakufa, kwa maana kupanda mti ni kudai ardhi. Basi wakaleta vichaka kama kaliandra, ambavyo wenyeji hawakuvihesabu kama miti. Mama akapanda kichaka chake, akavuna kuni, na mila haikuguswa.

18/ Mwanafunzi wa siasa akisoma hiyo hupiga makofi. Uhaba ulikuwa wa haki. Miti ilikuwepo, aliyehitaji hakuwa na ruhusa. Sasa ilete Isiolo: sehemu kubwa ya ardhi yetu ilikuwa ya amana chini ya halmashauri, na leo ni ya jamii chini ya sheria ya 2016, ila kazi ya kuisajili inajikokota. Wazee wa dedha walikuwa na kanuni za malisho, maji na miti ya kivuli. Lakini mzee hana karatasi ya kumwonyesha mwenye lori. Ardhi isiyosajiliwa ni ya kila mwenye panga.

19/ Na ile hofu ya miaka ya 1970 na 80 ilituachia zawadi nyingine: mathenge. Ulipandwa Bamburi 1973, na miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo na Tana River, sababu moja ikiwa ni kuni na kuzuia jangwa. Ukavamia malisho. Mwaka 2006 jamii ya Ilchamus ilienda mahakamani, na mbuzi asiye na meno akaletwa kama ushahidi kwamba maganda yake yameharibu mdomo. Tulicheka, lakini kesi ilikuwa ya maana. Uamuzi ulifanywa ofisini kuhusu mti wa kupandwa kwao, wao wakabaki na miiba. Leo mathenge ni mmoja wa miti ambayo wataalamu wanahimiza ikatwe makaa.

20/ Sasa tuje kwa marufuku, wimbo wa kila ukame. Tanzania ilipiga mkaa marufuku (wao husema mkaa) Januari 2006. Haikudumu hata miezi, miji haikuwa na kitu kingine cha kupikia. Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, kwanza kwa siku 90, ikaongezwa mpaka 2023, na kuondolewa kwake kukaishia mahakamani. Kitui ilizuia makaa kusafirishwa nje ya kaunti mwaka huo wa 2018, ugomvi na wasafirishaji ukafika pabaya, lori likachomwa. Uganda ilizuia biashara ya makaa kutoka kaskazini mwake Mei 2023.

21/ Niseme haki ya upande huo pia. Wanaotaka marufuku hawana wazimu. Mgunga unachukua miaka mingi kukua. Miti ya kingo za Ewaso Ng'iro ikikatwa, mto unaliwa na udongo. Na Kitui walikuwa na hoja kwamba miti ni yao na faida inaenda kwingine. Shida ni kwamba marufuku hugusa anayechoma, haigusi anayenunua. Sufuria ya mjini bado inataka moto jioni ile ile. Bei inapanda, na bei ikipanda mwenye njaa ana sababu zaidi ya kukata. Shangazi yangu alinyang'anywa magunia matatu kwenye kizuizi kimoja, ilhali lori lililojaa mbele yake lilikuwa limepita. Kwenye vitabu vyetu hiyo inaitwa kodi isiyoandikwa, na huishia kwa mnunuzi.

22/ Mfano mkubwa zaidi uko jirani. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku makaa kutoka Somalia, kwa maana makundi yenye silaha yalikuwa yanayatoza ushuru. Makaa yale yalipakiwa Kismayo kwenda Ghuba, kwa nyama choma na shisha. Hata baada ya azimio, mashua ziliendelea kusafiri. Ikiwa Baraza la Usalama lilitatizika, sembuse kizuizi cha barabarani cha watu wanne na mti mmoja?

23/ Basi gesi? Gesi inafanya kazi, nambari za juu zinaonyesha. Lakini angalieni mkono wa serikali. Mwaka 2016 VAT ya gesi iliondolewa. Julai 2021 ikarudi, asilimia 16. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 8. Mwaka 2023 ikaondolewa tena. Septemba 2018 mafuta taa yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, na maskini wa mjini waliotoka kwenye stovu hawakwenda wote kwa gesi. Mama hawezi kupanga jiko lake kwa sera inayobadilika kila bajeti. Makaa yana sifa moja kubwa: unaweza kununua ya shilingi hamsini.

24/ India walijaribu kwa nguvu. Kuanzia 2016 waliwapa akina mama wa familia maskini mitungi, na kufikia Septemba 2019 wakawa wamefikisha milioni 80. Ni kazi kubwa. Lakini familia nyingi zilijaza mara chache, kwa sababu mtungi wa kwanza ulisaidiwa na wa pili ulikuwa mzigo wao. Mwanasiasa akikuahidi mtungi, muulize kuhusu mtungi wa pili. Na muulize duka la kujazia liko wapi. Sericho si Westlands.

25/ Korea Kusini inatajwa sana kwenye hotuba za kupanda miti. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 milima yao ilikuwa uchi, na leo zaidi ya asilimia 60 ya nchi ni msitu. Ni kweli walipanda kwa bidii. Kinachoachwa ni kwamba wakati huo huo walizuia kuni kuingia mijini na wakajaza miji makaa ya mawe ya kufinyanga, yeontan, ya bei rahisi. Yaliua watu wengi kwa hewa ya sumu usiku, kwa hivyo sisemi tuige. Nasema miche yao ilipona kwa sababu sufuria ilipata moto mwingine. Sisi tuna lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032 na lengo la kila mtu kupika kwa nishati safi kufikia 2028. Ni nadra kusikia yote mawili yakisomwa kwenye bajeti moja.

26/ Kuna gharama ambayo haiko kwenye bei. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Na kuna njia ya kwenda porini. Kambi za Dadaab zilianza 1991, na wanawake walikuwa wakibakwa wakienda kutafuta kuni. Mwaka 1998 ukaanzishwa mradi wa kuwapelekea kuni kambini. Tathmini ilionyesha kwamba kuni zikitosha nyumbani, ubakaji wa porini ulipungua, lakini ule wa kwingine uliongezeka. Kuni zilisaidia. Usalama ulihitaji zaidi ya kuni. Hapo kwetu pia msichana anayeenda mbali kutafuta kuni hakosi darasa peke yake.

27/ Mtasema umeme. Marsabit kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi 2019, mmoja wa miradi mikubwa ya upepo Afrika ulipojengwa. Umeme wake unapanda nyaya hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400. Chini ya nyaya hizo akina mama wanapika kwa matawi. Si njama, ndivyo gridi ilivyopangwa: umeme unafuata mnunuzi. Ukilinganisha na reli ya 1901 utaona mchoro ni ule ule. Nishati inatoka kaskazini ikienda kusini, iwe kwa gunia ama kwa waya.

28/ Kwa hivyo tukikusanya yote. Mahali watu waliacha kuni, London, Marekani, Nairobi, kulikuwa na nishati nyingine, bei ya kustahimili, na njia ya kuifikisha. Mahali miti iliongezeka, Machakos na Meru, mti ulikuwa na mwenyewe. Mahali uhaba ulibaki katikati ya miti, Kakamega ya miaka ya 80, mwenye kuhitaji hakuwa na haki. Na mahali marufuku ilikuja peke yake, ilihamisha makaa, ikapandisha bei, ikatengeneza vizuizi.

29/ Isiolo inakosa vitu vyote vitatu. Mti hauna mwenyewe kwa karatasi, gesi ni ghali na haifiki mbali na mji, na aliyepoteza mifugo hana kazi nyingine. Ndiyo maana nikisikia "watu wa kaskazini wanamaliza miti" nahisi sentensi imekatwa nusu. Nusu nyingine ni nani anaagiza, nani anasafirisha, nani aliamua 1965 pesa ziende wapi.

30/ Maswali ya kwenda nayo kwenye baraza, kwa mgombea yeyote wa upande wowote:
– Ardhi ya jamii ya kaunti hii itasajiliwa lini, na dedha itakuwa na nguvu gani kisheria juu ya miti?
– Makaa yana kanuni za leseni tangu 2009. Mbona mama wa Ngare Mara hana leseni na lori linapita?
– Mtungi wa pili utagharamiwa na nani, na utajaziwa wapi?
– Mifugo ikifa ukame ujao, bima ama pesa za dharura zitafika kabla ya panga au baada?

31/ Wadau wa Kakamega, Kitui, Kwale na Baringo, leteni ya kwenu hapa chini: kwenu mnapika na nini, na mti kwenu ni wa nani? Walio Tanzania na Uganda pia karibuni, hasa mlioishi kupitia marufuku. Matusi nitafuta. Wiki ijayo nitaandika juu ya ardhi ya jamii, kwa maana wengi mmeuliza usajili unakwama wapi.